Taazia Ambayo Haikuchapishwa

Stalin alifariki Machi 5, 1953, na katika siku zilizofuata magazeti ya Poland yalivaa weusi. Picha yake ilitanda kurasa za mbele, vyama vya waandishi vikatoa matamko, washairi wakatunga maombolezo. Mjini Kraków kulikuwa na gazeti moja la kila wiki, Tygodnik Powszechny, lililoandikwa na kuhaririwa na Wakatoliki, wengi wao walei, tangu Machi 1945. Mhariri wake, Jerzy Turowicz, pamoja na wenzake walitakiwa kuchapisha taazia ya kiongozi huyo, wakakataa. Gazeti likafungwa. Miezi michache baadaye lilionekana tena mitaani, jina lile lile na sura ile ile, lakini mikononi mwa watu wengine. Serikali ilikuwa imelikabidhi kwa PAX, jumuiya ya Wakatoliki waliokubali kwenda bega kwa bega na utawala, chini ya Bolesław Piasecki. Wenyewe walirudishiwa Desemba 1956, Władysław Gomułka alipokwisha kushika madaraka na kulegeza kamba.

Kisa hiki husimuliwa kama kisa cha ushujaa, na sina ugomvi na wanaokisimulia hivyo. Kinachonishughulisha ni mahali ushujaa huo ulipotokea. Watu hawa walikuwa wamekaa miaka minane chini ya udhibiti wa serikali. Makala zao zilikatwa kila wiki, wakazitoa zikiwa na majeraha yake. Mambo mazito yaliyowapata ndugu zao waliyapita kimya kwa kuwa hayakuruhusiwa kuandikwa. Kwa nini basi wakwame kwenye taazia, jambo ambalo mtu mwenye busara ya kawaida angeweza kulimaliza kwa aya mbili baridi zisizo na sifa wala laana, kisha akaliokoa gazeti? Nikiyatazama majarida ya Kikatoliki yaliyoishi chini ya ukomunisti katika Ulaya ya Mashariki, naona jibu la swali hilo ndilo kipimo cha kuyapimia yote. Gazeti lililoishi kihalali chini ya utawala ule halipimwi kwa lililofaulu kusema. Linapimwa kwa lililokataa kusema.

Ili jambo hili lieleweke, lazima tuangalie jinsi udhibiti ulivyofanya kazi, maana wengi hudhani kwamba mdhibiti ni mtu wa kukataza tu. Poland ilikuwa na Ofisi Kuu ya Udhibiti wa Magazeti, Machapisho na Maonyesho, iliyoundwa 1946, ambayo makao yake Warszawa yalijulikana kwa jina la mtaa tu, Mysia. Ilikuwa na matawi mikoani, na Kraków ilikuwa na lake. Makala ilipokwisha kupangwa kiwandani, karatasi za majaribio zilipelekwa kwa mdhibiti, naye akafuta neno, sentensi, aya, au makala nzima. Mhariri hakuruhusiwa kuacha nafasi nyeupe pale palipofutwa. Ilimpasa kuunganisha mwanzo na mwisho, au kujaza pengo kwa kitu kingine, ili msomaji asijue kwamba kuna kitu kilichoondolewa. Mkato ulitakiwa uonekane kama chaguo la mwandishi mwenyewe. Ukubwa wa orodha ya yaliyokatazwa ulijulikana baadaye, mwaka 1977, mdhibiti mmoja wa Kraków, Tomasz Strzyżewski, alipotorokea Sweden na nakala za maagizo ya ofisi yake, yakachapishwa London. Humo kulikuwa na mauaji ya maofisa wa Poland pale Katyń, ambayo hayakuruhusiwa kubebeshwa Umoja wa Kisovieti. Lakini kulikuwa pia na habari za nyama iliyouzwa kwa Wasovieti, na hata takwimu za unywaji wa kahawa. Dola iliyoogopa kahawa yake isihesabiwe ilikuwa imeamua kwamba ukweli wote ni mali yake, na kwamba wananchi watagawiwa kwa kibaba.

Hata hivyo kukata hakukuutosha utawala ule, hasa katika miaka ya Stalin. Kumnyamazisha mtu ni jambo moja, kumsemesha ni jambo jingine, na udikteta wa kawaida huridhika na la kwanza. Huu wa aina mpya ulitaka la pili: kila kinywa chenye heshima kiimbe wimbo ule ule, na heshima yake iwe ndiyo dhamana ya wimbo. Kraków yenyewe inatoa ushahidi. Januari 1953 mahakama ya kijeshi iliwahukumu mapadre na walei katika kesi iliyohusu ofisi ya jimbo kuu la mji huo, na hukumu 3 zilikuwa za kifo, ingawa hazikutekelezwa. Wiki chache baadaye waandishi wa Kraków walitia saini tamko la kuwalaani washtakiwa. Miongoni mwa waliosaini alikuwamo Wisława Szymborska, mshairi aliyekuwa hajatimiza miaka 30, ambaye pia alitunga shairi la kumlilia Stalin. Miaka 43 baadaye angepewa Tuzo ya Nobel. Simtaji ili nimzomee. Alikihama chama mwaka 1966 na hakuzitetea tungo zake za ujana. Namtaja kwa sababu kipaji kama chake kiliponaswa, tunaona wavu ulikuwa umetegewa nani. Wapumbavu hawakuhitajika, kwani sifa zao hazimshawishi mtu.

Kwa hiyo taazia haikuwa aya mbili baridi. Gazeti la Wakatoliki, ambalo wasomaji walilinunua kwa kuwa halikufanana na mengine, lilitakiwa siku ile lifanane. Thamani ya saini yake ilitokana na miaka minane ya kutoitoa saini hiyo. Turowicz na wenzake waliona kwamba gazeti lililokatwa bado ni lao, kwa kuwa kilichobaki ukurasani wamekiandika wenyewe na wanakiamini. Gazeti lililosemeshwa ni la mwingine, hata kama ofisi na mishahara imebaki pale pale. PAX walithibitisha hoja hii bila kukusudia. Serikali ingeweza kulifuta jina la gazeti, ikalichukua. Ilijua kwamba jina lina mtaji wa imani ya watu, ikajaribu kuutumia mtaji ambao si wake.

Atakuja msomaji aseme kwamba hicho ni kipimo cha chini mno. Kukataa kusema uongo ni wajibu wa kila mtu, wala gazeti halianzishwi ili linyamaze. Tena gazeti hilo liliufaa utawala: wageni kutoka nchi za Magharibi walipouliza habari za uhuru wa dini, walionyeshwa nakala ya Tygodnik Powszechny kama mwenye nyumba anavyomwonyesha mgeni sebule ili asiulizie jikoni. Pingamizi hili lina nguvu, na silikwepi kwa kusema kwamba nyakati zilikuwa ngumu. Poland palikuwa na Wakatoliki waliochagua njia nyingine. Warszawa lilikuwako gazeti la Tygodnik Warszawski, lililoamini kwamba Mkatoliki anapaswa kusema fundisho lote la Kanisa juu ya jamii, siasa na mali, bila kupunguza. Lilifungwa mwaka 1948. Padre Zygmunt Kaczyński aliyeliongoza alitiwa gerezani na akafia humo mwaka 1953. Jerzy Braun, mwandishi mwenzake, alihukumiwa kifungo cha maisha. Wakati huo Kraków, katika jarida la Znak lililoanzishwa 1946, Stanisław Stomma alikuwa amekwisha kuandika kwamba Wakatoliki wajiwekee malengo madogo: walinde imani, utamaduni na maadili, waache ndoto ya kuongoza siasa ya nchi. Ni rahisi kuona upande mmoja una mashahidi na mwingine una wajanja.

Lakini tuangalie yaliyotokea. Warszawa ilifungiwa kwa ilichosema, na Kraków, miaka mitano baadaye, ikafungiwa kwa ilichokataa kusema. Sera ya malengo madogo ilikuwa na sakafu, na sakafu hiyo ilipoguswa, watu wa malengo madogo walilipa. Wala hawakulipa wakiwa na kivuli cha mkubwa. Kardinali Adam Stefan Sapieha, aliyelianzisha gazeti na kulikinga kwa jina lake, alikuwa amefariki 1951. Askofu Mkuu Eugeniusz Baziak, aliyeshika usukani wa jimbo baada yake, alikamatwa Desemba 1952. Kesi ya Januari ilikuwa bado inanuka damu. Aliyekataa mwezi Machi alikataa akijua jimbo halina wa kumtetea. Nami sioni haki ya kumpandisha mmoja juu ya mwingine. Kaczyński alilipa kwa uhai wake, na hakuna hoja ya wahariri inayoweza kuusawazisha uzito huo. Ninachosema ni kwamba anayedhani Kraków ilichagua usalama hajaisoma Machi 1953 vizuri.

Pingamizi la pili linatoka Lithuania, na kwangu ndilo gumu zaidi. Huko, ndani ya Umoja wa Kisovieti wenyewe, Wakatoliki hawakuwa na jarida la halali lenye sauti yao. Machi 1972 likazaliwa la siri, Kumbukumbu za Kanisa Katoliki la Lithuania, lililopigwa taipu kwa nakala za kaboni na kupitishwa mkono kwa mkono. Padre Sigitas Tamkevičius alilihariri hadi alipokamatwa 1983. Nijolė Sadūnaitė alifungwa kwa kulipiga taipu. Sergei Kovalev, mwanasayansi wa Moscow asiyekuwa Mkatoliki, alifungwa pia, na msaada wake kwa jarida hilo ulikuwa sehemu ya mashtaka. KGB iliwasaka kwa miaka mingi, na jarida lilifikisha matoleo 81 kabla ya kukoma 1989, likiwa halijawahi kuzimwa. Ndani yake mlikuwa na mambo ambayo Tygodnik Powszechny halikuweza kuyagusa: padre fulani amepigwa faini kwa kuwafundisha watoto katekisimu, mwalimu fulani amemdhihaki mwanafunzi kwa kuvaa msalaba, kanisa fulani limevunjwa madirisha, jina, kijiji, tarehe. Desemba 1970 wafanyakazi walipopigwa risasi katika miji ya pwani ya Baltiki, gazeti la Kraków halikuweza kuwaambia wasomaji wake kilichotokea. Waliojua walijua kwa redio za nje na kwa minong'ono.

Nakubali hasara hiyo yote. Gazeti la halali haliwezi kuwa kumbukumbu ya dhuluma, na likijifanya ndilo kumbukumbu, linawadanganya wasomaji. Ila sikubali kwamba Walithuania walikuwa na njia bora ambayo Wapoland waliiogopa. Walichukua njia pekee waliyoachiwa. Na jarida la siri lilikuwa na mipaka yake: halikuweza kubeba mjadala mrefu wa falsafa, riwaya kwa mafungu, uhakiki wa tamthilia, barua za wasomaji wanaopingana. Karatasi za kaboni hazivumilii maneno ya ziada. Anayehatarisha miaka mitano ya kifungo kwa kila ukurasa hatautumia ukurasa huo kumjadili Thomas wa Akwino. Jamii iliyokandamizwa inahitaji kumbukumbu ya dhuluma, na inahitaji pia mahali pa kuendelea kufikiri mambo ambayo dhuluma haikuyaleta. Mkristo anayezungumzia udhalimu peke yake mwaka baada ya mwaka ameshaanza kuongozwa na dhalimu katika uchaguzi wa mada. Jambo lingine linawaunganisha wahariri wa Lithuania na wa Kraków kuliko linavyowatenga: wale wa siri walijinyima vivumishi. Waliandika tukio bila kulipamba, kwa kuwa walijua kosa moja la chuki au chumvi lingewapa maadui silaha. Nao, kwa namna yao, walijengwa na yale waliyokataa kuyaandika.

Hungaria inaonyesha sakafu inapokuwa laini. Vigilia, jarida la tangu 1935, liliendelea kutoka, na gazeti la Új Ember nalo likaendelea kutoka tangu 1945. Kurasani mwao János Pilinszky, mmoja wa washairi wakubwa wa lugha ile, alipata kupumua katika miaka ambayo milango mingine ilimfungia. Pembeni yao serikali ilikuwa na vyombo vya mapadre waliokuwa upande wake, walioitwa mapadre wa amani, vya kutamka ilichotaka kitamkwe. Nimesoma hoja kwamba magazeti ya Hungaria yalinunua nafasi ya Pilinszky kwa heshima yalizozitoa kwa wakubwa. Huenda. Shairi zuri lililochapwa karibu na salamu za lazima bado ni shairi zuri, lakini msomaji wake analazimika kufanya kazi ya kuchambua ipi ni sauti na upi ni mwangwi, na kazi hiyo gazeti halikupaswa kumwachia.

Hapa mtu makini ataniuliza swali ambalo nadhani linagusa kiini. Ikiwa mkato ulifichwa, na nafasi nyeupe zilikatazwa, kimya cha gazeti kilisomwaje? Kimya kisichoonekana kinamfaa nani? Jibu langu ni kwamba kimya husomeka pale tu wengine wote wanapopiga kelele. Machi 1953 ilikuwa siku rahisi kwa msomaji, maana kila gazeti lilikuwa na ukingo mweusi, na lisilo nao lilionekana kutoka upande wa pili wa barabara. Baada ya 1956 kwaya ile ilipungua nguvu. Utawala uliacha kudai machozi ya kila mtu, ukatosheka na utulivu. Kuanzia hapo kukataa kukawa kugumu kuonekana, na gazeti likapaswa kutafuta ufundi mwingine. Stefan Kisielewski, mwanamuziki na mwandishi wa safu aliyejulikana kwa jina la Kisiel, alikuwa bingwa wa ufundi huo. Fumbo mfumbie mjinga, mwerevu hulifumbua, na wasomaji wake walikuwa werevu. Aliweza kuandika juu ya reli au juu ya lugha ya magazeti, na nchi nzima ikaelewa anazungumzia nini. Lakini fumbo nalo lina bei yake. Linampa msomaji raha ya kujiona mwerevu, na raha hiyo inaweza kuchukua nafasi ya ukweli wenyewe. Naamini Kisiel alilijua hilo, ndiyo maana alipopata jukwaa nje ya gazeti aliacha mafumbo. Februari 1968, katika mkutano wa waandishi Warszawa juu ya tamthilia ya mshairi Mickiewicz iliyopigwa marufuku, aliuita utawala udikteta wa wajinga. Siku chache baadaye alipigwa mtaani na watu ambao hawakutajwa, kisha akazuiwa kuchapisha kwa miaka 3.

Adhabu nyingine zilikuwa za kimyakimya zaidi. Karatasi iligawiwa na serikali, na idadi ya nakala ilikuwa amri ya ofisi wala haikutegemea wanunuzi. Mwaka 1964 Turowicz na Kisielewski walipotia saini barua ya wasomi 34 kwa waziri mkuu, wakilalamikia uhaba wa karatasi na ukali wa udhibiti, gazeti lilipunguziwa nakala kutoka 40,000 hadi 30,000. Waliolalamikia uhaba wa karatasi wakapewa uhaba zaidi. Utawala ule mara nyingine ulikuwa na ucheshi usioukusudia.

Mabadiliko makubwa yalikuja na vuguvugu la wafanyakazi la Mshikamano. Sheria ya udhibiti ya Julai 1981 iliruhusu gazeti kuonyesha mahali palipokatwa: mabano yenye vistari, na kando yake kifungu cha sheria kilichotumika. Tygodnik Powszechny liliyatumia mabano hayo bila kusita. Hata baada ya sheria ya kijeshi ya Desemba mwaka huo, gazeti liliporuhusiwa kutoka tena katikati ya 1982, msomaji aliweza kukutana na makala ya kawaida juu ya mwandishi fulani wa zamani, akaona ghafla vistari vitatu na namba ya sheria katikati ya sentensi. Udhibiti ulikuwa umetegemea kutoonekana kwake. Ulipolazimishwa kuweka sahihi, kila mkato uligeuka kuwa taarifa. Sidhani ni sawa kuyaona mabano yale kama ushindi mdogo wa kisheria. Yaliwarudishia wahariri kile walichonyang'anywa tangu 1946, yaani uwezo wa kumwambia msomaji: kimya hiki si chetu.

Nikisema hivyo, najua pia nini kinaweza kusemwa dhidi ya maadili ya kukataa. Anayezoea kukataa maneno ya dola anaweza kuamini kwamba yeye ni safi kwa sababu hiyo tu, na wasomaji wake wakaamini kwamba wao nao ni safi kwa kulinunua gazeti lake. Hatari hiyo ilikuwa kubwa Poland, nchi iliyojiona, kwa haki nyingi, kuwa mhanga wa majirani wawili. Ndiyo sababu Januari 1987 ni mwezi ninaouheshimu karibu sawa na Machi 1953. Gazeti lilichapisha makala ya Jan Błoński, mhakiki wa fasihi, iliyowauliza Wapoland kama wana deni la kimaadili kwa Wayahudi waliouawa mbele ya macho yao. Hakudai kwamba Wapoland ndio waliowaua. Aliuliza kuhusu ubaridi, kuhusu waliotazama. Barua za hasira zikamiminika, nyingi kutoka kwa wasomaji waaminifu wa gazeti. Safari hii sifa za uongo zilidaiwa na watu wake wenyewe, wala hapakuwa na mdhibiti wa kulaumiwa. Turowicz, aliyekuwa na umri wa miaka 74, aliitetea makala ile hadharani. Sioni kwamba lilikuwa jambo tofauti na taazia. Waliotakiwa kumsifu Stalin walikataa, na waliotakiwa kujisifu wenyewe wakakataa vilevile. La pili pengine lilihitaji moyo zaidi, kwa kuwa aliyekataliwa angeweza kuacha kulinunua gazeti.

Udhibiti ulifutwa 1990, baada ya Tadeusz Mazowiecki, mwanzilishi wa jarida la Kikatoliki la Więź, kuwa waziri mkuu wa kwanza asiye mkomunisti. Hapo hoja yangu inafika mahali penye utelezi. Chini ya udhibiti, kila ambacho hakikuwamo gazetini kilikuwa na mtuhumiwa mwingine. Baada yake, kila kilichokosekana kilikuwa uamuzi wa mhariri, na wasomaji walianza kumdai. Mmoja wa waliodai alikuwa rafiki wa miaka mingi. Karol Wojtyła alichapisha humo makala yake ya kwanza 1949, na mashairi yake kwa jina la Andrzej Jawień. Sasa alikuwa Papa Yohane Paulo wa Pili, na mwaka 1995, gazeti lilipotimiza miaka 50, alimwandikia Turowicz barua ya pongezi yenye uchungu ndani yake. Aliona kwamba katika miaka ya mashambulizi mapya dhidi ya Kanisa, baada ya 1989, Kanisa halikujisikia kupendwa vya kutosha na watu wa Tygodnik. Wapo walioisoma barua hiyo kama hukumu ya mwisho juu ya gazeti. Naisoma kama swali halali lililokuja kwa kuchelewa, kwa kuwa miaka 45 ya kukataa ilimfundisha mhariri kuyatilia shaka maneno yoyote yanayotakiwa kwake, yawe ya adui au ya mpendwa. Turowicz alibaki mhariri hadi alipofariki Januari 1999, na wanaolisoma gazeti hilo bado wanabishana kama alimjibu Papa au la.